Uzuri na Ukatili wa Maumbile katika Mzee na Bahari: Tuache Kuchora Safu Mbili

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kukutana na swali linalokutaka ueleze jinsi mwandishi alivyoyasawiri maumbile katika kazi yake. Jibu la kawaida tunalijua sote. Mtahiniwa hugawa ukurasa safu mbili. Katika safu ya kwanza huandika "uzuri", kisha huorodhesha mbalamwezi, maua na ndege waimbao. Katika safu ya pili huandika "ukatili", kisha huorodhesha mafuriko, ukame na wanyama wakali. Hoja tano huku, hoja tano kule, halafu hitimisho la sentensi moja.

Nami nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Siku niliyoanza kuitilia shaka njia hii, tulikuwa tukiisoma riwaya fupi ya Mzee na Bahari katika chama cha Kiswahili shuleni. Nilikuwa nimekwisha kuzichora safu zangu ubaoni na chaki ingali mkononi. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu, mtoto wa wavuvi wa Ziwa Victoria, akainua mkono akauliza, "Mwalimu, ziwa nitaliandika safu gani? Mwezi wa nne lilimchukua ndugu yangu mkubwa. Na karo ya muhula huu imelipwa kwa omena."

Darasa lilinyamaza. Nilimwambia aliandike katika safu zote mbili, kisha nikaendelea na somo. Jibu langu lilikuwa jepesi, na kijana yule alijua kwamba ni jepesi. Aliketi akayanakili maelezo yangu kama wenzake, wala hakuuliza swali jingine muhula ule. Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa. Nitaonyesha kwamba katika riwaya hii uzuri na ukatili wa maumbile si sifa mbili zilizowekwa bega kwa bega. Zote mbili zinatoka katika chanzo kimoja, na binadamu mwenyewe yumo ndani ya chanzo hicho.

Riwaya kwa ufupi

Riwaya hii iliandikwa na Mmarekani Ernest Hemingway na kuchapishwa mwaka wa 1952. Ilimpatia Tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1953, na mwaka uliofuata alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa anwani ya Mzee na Bahari. Nimeichagua kwa makusudi kutoka nje ya orodha ya vitabu teule, kwa sababu mtahiniwa aliyejizoeza kufikiri kwa kitabu kimoja kizuri hatatishwa na kitabu chochote atakachopewa.

Mhusika mkuu ni Santiago, mvuvi mzee wa Kuba. Amekaa siku 84 bila kupata samaki. Siku 40 za mwanzo alikuwa na kijana Manolin, lakini wazazi wa kijana huyo wakamhamishia chombo kingine kwa kuona kuwa mzee ana nuksi. Siku ya 85 Santiago anakwenda mbali kuliko wavuvi wenzake. Ndoana yake inamnasa nduaro, yaani samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu uliochongoka kama upanga, ambaye hata katika maji ya Watamu na Malindi huvuliwa. Nduaro huyu ana urefu wa futi 18, akiizidi mashua yenyewe kwa futi mbili. Anaikokota mashua siku mbili na usiku wake. Siku ya tatu mzee anamwua kwa chusa na kumfunga ubavuni mwa mashua. Ndipo papa wanapofuata harufu ya damu. Mzee anapigana nao kwa chusa, kwa kisu alichokifunga kwenye kasia, kwa rungu, na mwisho kwa mpini wa usukani. Anafika pwani na mifupa mitupu.

Bahari ya kike na bahari ya kiume

Hebu tuanze na jina la bahari. Msimulizi anaeleza kwamba katika Kihispania neno la bahari laweza kuchukuliwa kuwa la kike au la kiume. Wavuvi vijana, wenye mashua za injini walizozinunua wakati ini la papa lilipokuwa na bei nzuri, huitaja kwa jinsia ya kiume, kama mshindani au adui. Santiago huitaja kwa jinsia ya kike, kama mtu anayependwa. Kwake bahari hutoa fadhila kubwa au huzinyima, na ikifanya maovu ni kwa kuwa haina uwezo wa kujizuia.

Hapa wasichana katika chama chetu walinuna, na walikuwa na haki. Riwaya haina mwanamke anayetenda jambo la uzito. Mke wa Santiago alikwisha kufariki, na amebaki kumbukumbu tu. Hivyo sifa za kike zote zimetwikwa bahari, pamoja na dhana kwamba mwanamke hutawaliwa na mwezi. Mtahiniwa anayejadili taswira ya mwanamke asiogope kulisema hili. Kumsifu mwandishi hakumzuii mhakiki kumkosoa.

Hata hivyo, tofauti kati ya mzee na vijana wale haimo katika jinsia peke yake. Anayeiona bahari kuwa adui hupata maelezo rahisi ya kila msiba, kwamba adui amepiga. Anayeipenda hana maelezo hayo. Mapema katika safari mzee anawahurumia ndege wadogo wa baharini na kujiuliza kwa nini waliumbwa dhaifu hivyo ilhali bahari yaweza kuwa katili ghafla. Katika wazo lilo hilo anakiri kwamba bahari ni njema na ni nzuri mno. Zingatia kwamba mwandishi hakuzipa sifa hizi aya mbili tofauti. Zimo katika wazo moja la mtu mmoja. Safu zangu za ubaoni zilikuwa zimelipasua wazo lililoandikwa likiwa zima.

Aidha, tujihadhari na mazoea yetu ya kuigeuza bahari kuwa jazanda tu. Fasihi yetu ina mapokeo hayo tangu zamani. Katika Al-Inkishafi ulimwengu umefananishwa na bahari iliyochafuka, na mshairi ana sababu nzuri ya kufanya hivyo kwa kuwa lengo lake ni kuionya nafsi. Hemingway alifuata njia nyingine. Katika barua aliyomwandikia Bernard Berenson mwaka wa 1952, alikana kuwa kitabu chake kimejaa ishara. Alisisitiza kwamba bahari ni bahari, na mzee ni mzee. Si lazima tumtii mwandishi kwa kila jambo, lakini onyo lake linafaa. Kabla hujasema bahari ni ishara ya maisha, hakikisha umeyaona maji yenyewe.

Uzuri wenye sumu

Mandhari ya riwaya hii yamesheheni viumbe wazuri wanaodhuru. Mfano ulio dhahiri ni kiumbe mwenye kibofu cha zambarau kinachong'aa juani, ambaye nyuzi zake ndefu zenye sumu huning'inia chini ya maji. Mzee humtukana kila amwonapo, kwa sababu nyuzi hizo zikigusa mikono ya mvuvi huacha malengelenge. Lakini samaki wadogo huogelea kati ya nyuzi zizo hizo bila kudhurika. Nao kasa huwala viumbe hawa wakiwa wamefumba macho, na mzee hufurahia kuwatazama. Sumu ya mmoja ni kivuli cha mwingine na ni chakula cha wa tatu.

Mwanafunzi wa kanda ya ziwa hahitaji kupelekwa Kuba ili auelewe mfano huu. Gugu maji lilipovamia Ziwa Victoria, na hasa katika miaka ya 1990, lilikuja na ua la zambarau linalopendeza sana. Mmea huu wa Marekani ya Kusini ulisambazwa duniani na watu walioupenda kwa uzuri wake. Ua hilo ndilo lililofunga njia za mashua na kunasa nyavu. Ukimwuliza mvuvi kama ua la gugu maji ni zuri atakwambia ndiyo, huku akilikata kwa panga.

Mfano wa pili ni ndege mdogo aliyechoka, anayekuja kutua kwenye mshipi wa mzee. Mzee anazungumza naye kwa upole na kumwuliza umri wake. Moyoni anawafikiria vipanga watakaotoka nchi kavu kumlaki ndege huyo baharini. Hamwambii neno. Hapa mwandishi ametumia uzungumzi nafsia pamoja na mazungumzo ya upande mmoja. Kinachosemwa ni ukarimu, kinachofichwa ni kifo, na kimya cha mzee ni sehemu ya ukarimu wake.

Mzee, samaki na papa katika ngeli moja

Sasa nifikie hoja ambayo msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuiona. Lugha yetu haina jinsia ya kike wala ya kiume katika nomino, ila ina ngeli. Bahari imo katika ngeli ya I-ZI. Mzee yumo katika A-WA. Samaki naye yumo katika A-WA, na papa yumo katika A-WA. Tunasema mzee alichoka, samaki alichoka, papa alikuja. Hebu tunga sentensi hii: "Alimvuta usiku kucha." Ni nani aliyemvuta mwenzake? Sarufi haikuambii. Mshipi unao ncha mbili, na kila ncha ina a- yake.

Sidai kwamba Hemingway aliijua ngeli ya A-WA, ingawa alifika Afrika Mashariki mara mbili, mwaka wa 1933 hadi 1934 na tena 1953 hadi 1954. Ninalosema ni kwamba Kiswahili kinatuonyesha kwa sarufi yake jambo ambalo Santiago analigundua kwa mateso yake. Mzee anamwita nduaro ndugu. Anamwonea huruma kwa njaa yake. Anamsifu kwa utulivu na heshima yake. Na katika hali iyo hiyo hapunguzi nia ya kumwua. Anakumbuka pia siku aliponasa nduaro jike, dume lake likakataa kuondoka ubavuni mwa mashua, na jike lilipopakiwa, dume likaruka juu kana kwamba latafuta alikokwenda mwenzake. Mzee na kijana walisikitika, wakamwomba radhi yule jike, kisha wakamchinja upesi. Mbinu rejeshi hii imewekwa kabla ya papa yeyote kujitokeza. Kabla hatujamlaani papa, mwandishi ametuonyesha ndoana ya mzee.

Papa wa kwanza anapofika, msimulizi anamsifu kuwa kila kitu chake ni kizuri isipokuwa taya. Baada ya kumwua, mzee anajiambia kwamba papa yule huishi kwa kula samaki walio hai, kama yeye mwenyewe anavyoishi. Anajiuliza ikiwa kumwua nduaro ilikuwa dhambi. Anajibu kwamba alimpenda, na ukimpenda huenda si dhambi. Mara anageuka na kujiuliza kama upendo huo hauifanyi dhambi kuwa kubwa zaidi. Swali hilo halipati jibu. Mtahiniwa asilitafutie jibu ambalo mwandishi hakulitoa.

Papa wanaofuata baadaye mzee anawachukia, kwa kuwa ni wala mizoga. Baadhi ya wahakiki huwachukua hao kuwa uovu wenyewe. Mimi naona sivyo. Papa hao wana njaa, nayo njaa ndiyo iliyomtoa mzee pwani. Ukatili wa maumbile katika riwaya hii hautokani na nia mbaya ya yeyote. Unatokana na ukweli kwamba kila mwenye uhai hula. Uzuri nao unatoka hapo hapo. Mwendo wa papa ni mzuri kwa sababu ni mwindaji, na nguvu za nduaro ni nzuri kwa sababu anapigania uhai wake. Huwezi kuuondoa mmoja ukabaki na mwingine.

Je, mzee alishinda?

Wanafunzi wengi huhitimisha insha zao kwa kusema kwamba dhamira ya riwaya ni ushindi wa binadamu dhidi ya maumbile. Hoja hii ina msingi, kwani mzee mwenyewe anajipa moyo kwamba mtu yaweza kumpata maangamizi bila yeye kushindwa. Lakini usomaji mzuri haukomei kwenye maneno ya mhusika akiwa katikati ya vita. Mzee akiisha kufika nyumbani, anamkiri Manolin kwamba wamemshinda. Kijana anakana kwamba samaki alimshinda, na mzee anakubali, ila anaeleza kuwa ilikuwa baadaye. Aidha, akiwa baharini alimwomba samaki radhi kwa kuwa alikwenda mbali mno. Lawama haiweki kwa bahari wala kwa papa.

Kinaya cha mwisho kinawahusu watalii. Mwanamke mmoja anauona uti wa mgongo mrefu ukielea bandarini miongoni mwa takataka, anauliza ni kitu gani. Mhudumu wa mkahawa anajaribu kumweleza kisa cha papa, naye anaelewa kwamba mifupa ile ni ya papa. Anashangaa kwamba hakujua papa wana mikia mizuri hivyo. Ameuona uzuri, lakini hakujua ulilipiwa nini. Mwalimu mwenzangu, niliporudia ukurasa huo nilijiona mimi, nikiwa na chaki yangu na safu yangu ya "uzuri".

Linalotuhusu sisi

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya Kuba na ya zamani. La hasha. Kati ya mwaka wa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosa kutimia katika maeneo makame ya nchi yetu. Mifugo ilikufa na watoto walikosa chakula. Watu waliomba mvua misikitini, makanisani na chini ya miti mitakatifu. Mvua ikaja. Mwaka wa 2024 mvua ya masika ikaleta mafuriko makubwa, na alfajiri ya tarehe 29 Aprili maji yalishuka karibu na Mai Mahiu yakachukua nyumba na makumi ya watu wakiwa usingizini. Ufunguzi wa muhula wa pili uliahirishwa. Shule zilipofunguliwa, baadhi yetu tuliingia darasani tukafundisha shairi ambamo mvua ni jazanda ya neema, kama kwamba hakuna lililotukia.

Sisemi tuyaache mashairi hayo. Mvua ni neema, na aliyewahi kuona ardhi ya kaskazini ikichipuka baada ya ukame hawezi kukana. Ninachosema ni kwamba darasani mwetu huenda ameketi mtu ambaye mvua imemfanyia yote mawili. Tukimwambia achague safu, tunamfundisha kwamba fasihi haina nafasi ya yale anayoyajua. Atatuandikia tunachotaka, atapata alama, na hatatuamini tena.

Yule kijana wa ziwa hakuwa akiuliza ili apewe faraja. Alikuwa akihakiki. Aliliona ziwa usiku wa giza, taa za wavuvi wa omena zikimeta majini mithili ya mji, na alijua kwamba chini ya taa mojawapo ndugu yake hayumo. Jibu ambalo ningempa leo ni kwamba asilitie ziwa katika safu yoyote. Aandike aya moja, alitaje ziwa kwa jina lake, aseme limempa nini na limemnyang'anya nini, kisha aonyeshe jinsi Santiago, mwenye mikono iliyochanwa na mshipi, anavyofanana naye au kutofautiana naye.

Kwa mtahiniwa

Unapojibu swali la maumbile, katika riwaya hii au nyingine, zingatia haya:

Kwanza, toa mifano ambamo uzuri na ukatili vimo katika kiumbe kimoja au tukio moja, kisha ueleze uhusiano wake. Hoja moja iliyofafanuliwa hivyo ni bora kuliko orodha.

Pili, eleza nafasi ya binadamu. Je, ni mhasiriwa, mshiriki, au yote mawili?

Tatu, chunguza fani inayobeba hoja. Tashihisi, uzungumzi nafsia, mbinu rejeshi na kinaya vyote vimetumika hapa. Kuzitaja tu hakutoshi. Sema zimeliendelezaje wazo.

Nne, tofautisha kauli ya mhusika na msimamo wa kazi nzima.

Hitimisho

Riwaya inaisha mzee akiwa amelala, na kijana ameketi kando akimtazama. Mzee anaota simba. Aliwaona ujanani, alipokuwa baharia katika merikebu iliyofika pwani za Afrika, wakija ufuoni jioni wakicheza kama paka wachanga. Haoti tena dhoruba wala samaki wakubwa wala ugomvi. Simba wale hawakupunguziwa makucha ili waingie katika ndoto, wala mzee hajasahau walivyo. Ametoka kuporwa kila kitu na viumbe wenye meno, na bado anaota viumbe wenye meno, na kwa upendo.

Kukubaliana na maumbile, kwa jinsi riwaya hii inavyotufunza, si kuyasamehe wala kuyashinda. Ni kuyatazama yote kwa pamoja bila kugeuza uso, na bado kesho yake kwenda kuandaa nyavu. Kijana wangu alikuwa amekwisha kulijua hilo. Mimi nilihitaji kusoma kitabu mara tatu.

Maswali ya marudio

1. "Maumbile hulea kwa mkono ule ule unaoua." Thibitisha ukweli wa kauli hii ukirejelea riwaya ya Mzee na Bahari. (alama 20)

2. Jadili umuhimu wa mbinu rejeshi na kinaya katika kuyaendeleza maudhui ya binadamu na maumbile. (alama 20)

3. Fafanua jinsi ngeli ya A-WA inavyoweza kumsaidia msomaji wa Kiswahili kuelewa uhusiano kati ya Santiago, nduaro na papa. (alama 10)